Hodi kwa Wenyewe

Maisha yake yote mwoka mikate hakuwahi kuogopwa na mtu. Mwili alikuwa nao, viganja vipana kama sahani, na sauti iliyozoea kushindana na mashine ya kukanda unga, lakini watoto wa mtaa walimfuata njiani wakimwita Babu Mkate, na paka wasio na mwenyewe walijisugua miguuni pake kwa ajili ya harufu ya siagi. Ndiyo maana ilimuuma, sasa mkewe alipokuwa amekwenda zake kaburini, kuona kwamba viumbe pekee waliobaki naye nyumbani walitaka kufa kila walipomwona.

Walikuwa chiriku wanne, wadogo kiasi kwamba wawili wangeenea kwenye kikombe kimoja cha chai na nafasi ikabaki. Migongo ya kijivu, midomo myekundu kama pilipili iliyoiva. Madume wawili walikuwa na doa la rangi ya chungwa kila shavu, kama watu waliojipaka poda kwa haraka wakasahau kuisawazisha. Mlio wao ulikuwa wa baiskeli ya mtoto iliyokosa mafuta. Mkewe aliwaweka katika chumba kidogo kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa, ndani ya tundu refu la waya lililoenea ukuta mzima, karibu na dirisha lenye pazia jepesi.

Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Aliingia na kibakuli cha uwele mkono mmoja na birika la maji mkono wa pili, na kabla mguu wa nyuma haujavuka kizingiti tundu zima lililipuka. Mabawa yalipiga waya, maganda ya uwele yakaruka hadi sakafuni, vinyoya vikaelea hewani kama unga wa tanurini.

"Jamani, ni mimi," alikuwa akiwaambia. Lakini kwa sauti ile, hiyo "ni mimi" ndiyo iliyowamaliza kabisa.

Basi aliweka chakula upesi upesi, akamwaga nusu ya maji, akatoka kinyumenyume na kufunga mlango. Alikaa jikoni akiwasikia wakitulia, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa yeye hayupo.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba alimwahidi marehemu. Wodini, siku zile za mwisho, pumzi ya mkewe ilikuwa haba na maneno aliyapima. Alikuwa amemwagiza habari za uwele, na za ganda la yai lililosagwa, na za maji yasiyozidi kina cha kidole kwa sababu chiriku huzama kwenye kisoda. Kisha akapumzika, akamshika mkono, akasema, "Na kila asubuhi, usisahau kuwapigia hodi wenyewe. Wakikuzoea, hutapata shida nao."

Akajibu kwamba hatasahau. Na kweli hakusahau.

Wenyewe, kwa mtu yeyote aliyepanga nyumba ya mtu, ni wenye nyumba. Hao walikuwa wazee wawili walioishi chini yao, na wapangaji wote waliwaita Mzee Chini na Mama Chini. Mwoka mikate aliona ni sawa kabisa, na ni tabia ya mkewe hasa: yeye akiwa tanurini tangu alfajiri, kumbe mwenzake alikuwa akishuka kila siku kuwajulia hali wazee wa watu. Akajilaumu kidogo kwamba hakujua. Asubuhi ya kwanza baada ya matanga kwisha, alichukua mkate ambao wenzake wa kazini walikuwa bado wanamwekea, ingawa aliacha kazi tangu alipoanza kumuuguza mkewe, akaukata katikati, akashuka ngazi na nusu yake.

"Hodi!" alisema, na vikombe vikalia kabatini.

Mama Chini alifungua mlango na sufuria mkononi. Akakaribisha, akauliza kuna nini. Hakuna kitu, mwoka mikate akasema, nimekuja kupiga hodi tu. Wazee wakatazamana. Kisha Mama Chini akavuta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa nguo ingawa hakikuwa na vumbi, akamimina chai.

Tangu siku hiyo hakukosa. Alikaa pale muda wa kikombe kimoja, akajibu salamu, akatazama ukuta, akashukuru, akapanda zake. Wazee hawakumwuliza tena kuna nini. Kikombe chake kilianza kumngoja mezani kimefunikwa kisahani ili chai isipoe, na siku moja aligundua kwamba kigoda kimepewa mto.

Huko juu hali ilizidi kuharibika. Jike mmoja alikuwa na kucha ndefu iliyonasa uzi wa kikapu cha kiota kilichotundikwa tunduni, na mwoka mikate akaona hana budi kumshika amkate hiyo kucha. Alimshika kwa uangalifu wote aliojaliwa. Hakumbana. Mkono uliokanda unga miaka mingi hivyo haudanganyiki habari ya kubana na kutobana. Alihisi tu kitu kikipiga kasi ndani ya kiganja, kasi ambayo hakudhani moyo unaiweza, na kisha hakuhisi kitu.

Alimfunga kwa karatasi ya mkate, akashuka, akamzika kwenye chungu cha maua karibu na ngazi. Mama Chini alimwona dirishani. Hakutoka, ila jioni mwoka mikate alikuta chungu kimehamishwa mbali na mahali watoto wanapochezea mpira.

Binti yake alipopiga simu kutoka mji alikoolewa, akamweleza. Alikuwa mtoto mwema, mwenye kuongea haraka kwa sababu daima kuna mtoto mwingine anayemvuta nguo. Akasema, Baba, hao ndege watakuua kwa mawazo. Akasema kuna mfuga ndege anayefahamika sana, wanamwita Manyoya, angeweza kuja Jumamosi kuwachukua wote, na mikononi mwake wangekuwa salama. Halafu Baba afunge nyumba aje kwao, chumba kipo, wajukuu wanamhitaji, na mtu mzima hawezi kukaa anatazamana na kuta.

"Sawa, mama," alijibu. Akaona hata yeye kwamba ni sawa. Alikuwa amechoka kuogopwa.

Lakini kesho yake, alipoingia na kibakuli na tundu likalipuka kama kawaida, yule jike aliyebaki hakuruka pamoja na wenzake. Alichelewa. Alitoka kikapuni wa mwisho, kama mama anayekimbia moto huku akigeuka nyuma. Mwoka mikate akaweka kibakuli chini, akachungulia. Ndani ya kikapu, juu ya pamba, palikuwa na mayai. Meupe, madogo kama maharage.

Akaikumbuka pamba hiyo. Mkewe aliitandaza mwenyewe, ameketi kitandani hana nguvu ya kusimama, akiichambua kipande kwa kipande kwa vidole vilivyokwisha kukonda. Alipomaliza akamwomba aende akakitundike kikapu. Siku ya pili yake wakampeleka hospitali.

Akampigia simu Manyoya. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mtu mzima, taratibu, na nyuma yake palisikika kelele za ndege wasio na hofu. Mwoka mikate akaeleza yote, mpaka habari ya yule aliyemfia mkononi. Manyoya hakumkaripia. Alisema chiriku ni roho juu, ameumbwa hivyo. Alisema mayai hayasafirishwi, yatapoa njiani, na jike akiendelea kukurupushwa atayasusa hata yakiachwa hapo hapo.

"Nitakuja Jumamosi kama tulivyosema na binti yako, mzee wangu," akamaliza. "Ukiweza kuingia humo ndani bila yeye kutoka kikapuni, sitamgusa. Mayai yatakuwa na bahati. Usipoweza, basi, nije niokoe hao wakubwa."

Usiku ule alilala vibaya. Asubuhi hakuingia kabisa chumbani, maana uwele wa jana ulikuwepo bado. Alishuka na nusu yake ya mkate, akakaa juu ya mto, na kwa mara ya kwanza tangu aanze ziara zile akazungumza bila kuulizwa.

Aliwaambia wazee kwamba ameshindwa. Mkewe alimwachia viumbe wanne na sasa ni watatu, na kabla ya wiki kwisha huenda asibaki hata mmoja. Akasema anajifariji kwa jambo moja tu, kwamba agizo lile jingine amelitimiza bila kukosa.

"Agizo gani?" Mzee Chini akauliza.

"Hili la kuwapigia hodi."

Mzee Chini akaweka kikombe chini.

"Kutupigia hodi sisi?"

"Aliniambia, kila asubuhi, niwapigie hodi wenyewe."

Mzee Chini akamtazama mkewe, akaanza kutikisa kichwa polepole. Akasema, kumbe. Kumbe yeye siku zote hizi alidhani mwoka mikate anakuja kwa ajili ya bomba la bafuni linalovuja, ila haya zinamshika kusema. "Nimelibadilisha hilo bomba mara mbili! Nikamwambia huyu, yule mtu hajaridhika, ona anavyotazama ukuta."

Mama Chini hakucheka. Alikuwa ameweka kiganja shavuni.

"Baba," akasema, "mkeo hajawahi kutupigia hodi asubuhi hata siku moja. Yeye akishuka alikuwa akiingia tu, kama kwao. Wenyewe si sisi."

"Ni nani, basi?"

"Ni wale ndege."

Akasimulia. Alisema siku moja, zamani, alipanda juu kurudisha kamba ya kuanikia nguo, akamkuta marehemu amesimama mbele ya mlango wa chumba cha ndani na kibakuli mkononi, ananong'ona: hodi, wenyewe. Alisimama pale kama mgeni, akangoja, ndipo akaingia polepole. Mama Chini akamtania, mwanamke wewe, unapiga hodi nyumbani kwako? Naye akajibu kwamba kwake ni jikoni na sebuleni, humo ni kwao. Mtu ukimwingilia nyumbani kwake bila hodi, hata angekuwa simba, atashtuka. Sembuse chiriku.

"Na walimwelewa?" mwoka mikate akauliza.

"Nani ajuaye walielewa nini. Lakini hakuna aliyeruka. Nilisimama nyuma yake nikaona kwa macho yangu. Walikuwa wakimngoja kama watoto wanaojua mama yuko mlangoni."

Mwoka mikate alitazama viganja vyake. Wiki zote hizo agizo alikuwa akilipeleka kwenye mlango usio wake, kwa uaminifu wote, na nusu ya mkate juu yake. Akaomba radhi kwa kuwasumbua. Akasimama. Mama Chini akamwambia akae amalize chai, mtu hasimami na chai ina moto.

Mwoka mikate akaimaliza, kisha akapanda mbio mbio kama kijana. Mbele ya mlango wa chumba kidogo akajiweka sawa, akakohoa, akasema:

"Hodi, wenyewe!"

Mlango ulikuwa bado umefungwa, lakini aliwasikia. Mabawa, waya, kikapu kikigonga ukuta. Alipofungua, jike alikuwa kule juu pembeni kabisa, mdomo wazi, akihema mwili mzima. Kikapuni yalibaki mayai peke yake.

Akafunga mlango, akarudi jikoni, akaketi. Alijua kosa ni sauti. Hodi yake ilikuwa hodi ya mtu anayeleta magunia. Akajaribu kuishusha akiwa pale pale mezani, akiisemea birika. Ikatoka na mikwaruzo, kama mtu mwenye mafua. Akajaribu tena. Hakuwahi kunong'ona maishani mwake, na hakujua kwamba kunong'ona nako ni kazi ya kujifunza.

Kesho yake aliposhuka aliwaeleza wazee yaliyompata, na akauliza kitu kilichokuwa kimemkaa kooni: marehemu aliwezaje? Labda ni kwa kuwa alikuwa na sauti ndogo tangu kuzaliwa, alisema mwoka mikate. Tangu alipomuoa, sauti ya mkewe ilikuwa kama ya mtu aliye msibani. Yeye aliipenda, ila mara nyingi ilibidi amwambie arudie.

Mama Chini na mumewe hawakutazamana safari hii.

"Sauti ndogo?" Mama Chini akasema. "Huyo tunayemjua sisi?"

"Hakuwa na sauti ndogo?"

"Baba, wewe ulikuwa unarudi kazini mchana, unalala mpaka jioni. Mtu anayeamka kuoka mikate wenzake wamelala, lazima alale wenzake wameamka, hilo linajulikana. Nyumba nzima tulikwenda kwa ncha za vidole. Mkeo alinong'ona ili ulale. Binti yenu alijifunza kuongea kwa kunong'ona. Lakini alikuwa akishuka hapa uani kwangu kufua, na akifika hapa..." Akasita, akatabasamu kidogo. "Alikuwa na kicheko, baba. Kuku wa jirani walikuwa wakikimbia."

Mwoka mikate alijaribu kukisikia kicheko hicho, akashindwa. Alikuwa na mke miaka yote hiyo na kicheko chake kilikuwa kinaishi chini ya ngazi.

"Hakulalamika," Mama Chini akaongeza kwa haraka, kwa kuwa alimwona uso. "Usichukue hivyo. Alikuwa akisema, huyu mtu anatokwa jasho motoni kwa ajili yetu, usingizi ndio zawadi pekee ninayoweza kumpikia. Halafu wewe ukiwa umelala, alikuwa na wale ndege wake. Ndege waliokulia kwenye minong'ono, unategemea nini? Wewe kwao ni radi."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema. Mwoka mikate alipanda ngazi siku hiyo polepole, na nyumba aliyoingia ilikuwa nyumba nyingine. Aliona vipande vya kitambaa vilivyobandikwa chini ya miguu ya viti ili visikwaruze sakafu. Aliona bawaba za milango zinavyong'aa mafuta, zote, hata ya kabati. Aliona kengele ya mlangoni iliyotiwa pamba ndani, pamba ile ile. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote. Vilikuwa vimefanywa kwa ajili yake, na kwa kuwa vilifanywa vizuri hakuwahi kuvisikia.

Akavua viatu. Siku ile na iliyofuata alijifunza upya kutembea nyumbani kwake. Alijifunza kushusha sufuria bila mlio. Alijifunza kusema na birika, na kiti, na koti la marehemu lililoning'inia nyuma ya mlango, kwa sauti isiyozidi pumzi. Mara nyingine sauti ilimtoroka ikarudi ya tanurini, naye akajifunika mdomo kama mtoto aliyetukana.

Alipokadiria kwamba uwele unakaribia kwisha, akaenda mlangoni na kibakuli na birika. Akaegemeza paji la uso kwenye mbao, na alipokuwa pale akaona rangi ya mlango imefifia mahali pamoja, usawa wa kifua chake, mahali ambapo mtu mfupi kuliko yeye alikuwa akiegemeza lake.

"Hodi," akanong'ona. "Hodi, wenyewe."

Ndani pakawa kimya. Hakikuwa kimya cha hofu, maana hicho alikuwa anakijua. Kisha mmoja wao akalia mara moja, ule mlio wa baiskeli ya mtoto. Akangoja. Akafungua mlango kwa upana wa bega, akaingia ubavu ubavu, macho chini.

Madume wawili waliruka, lakini waliruka hatua moja, kutoka kijiti hiki hadi kile, kama watu wanaosogea kwenye benchi mgeni apate nafasi. Kikapuni palionekana mdomo mwekundu na jicho moja jeusi. Jicho lilimfuata, likatazama kibakuli, likatazama birika. Jike hakutoka.

Jumamosi Manyoya alikuja, na kumbe alikuwa mtu mwenye ndevu za mvi na kofia iliyochakaa, tundu dogo mkononi limefunikwa kitambaa. Mwoka mikate alimpokea kwa mnong'ono. Manyoya akadhani ni maradhi ya koo, akampa pole. Walipofika kwenye mlango wa ndani mgeni akanyoosha mkono kwenye kitasa, na mwoka mikate akamshika kifundo cha mkono.

"Samahani. Humo tunapiga hodi kwanza."

Manyoya akamtazama usoni aone kama anatania. Alipoona hatanii, akavua kofia.

Mwoka mikate akapiga hodi yake. Wakangoja wote wawili, watu wazima, bega kwa bega, mbele ya mlango wa ndege. Kisha wakaingia. Jike hakutoka kikapuni. Manyoya alisimama muda mrefu bila kusogea, na uso wake ukawa na heshima kama ya mtu aliyeingia mahali pa sala.

Walipotoka alisema hana la kuchukua pale. Kisha akakuna ndevu, akasema, ila labda yule wa tatu. Dume aliyefiwa alikuwa akikaa mwisho wa kijiti, na kila alipowasogelea wenzake, mwenye jike alimfukuza. Alikuwa amejinyonyoa manyoya kifuani. Manyoya alisema kwake wapo majike wawili wasio na wenzao, na kwamba chiriku anaweza kuvumilia njaa kuliko upweke.

"Atanyamaza tu kila siku, halafu asubuhi moja utamkuta chini," alisema. "Lakini ni wako, mzee wangu. Ukitaka abaki, abaki."

Mwoka mikate alifikiri. Yule dume ndiye aliyemjibu hodi siku ile ya kwanza. Alikuwa anaujua mlio wake sasa, mzito kidogo kuliko wa mwenzake. Yeye na dume huyo, kama Mama Chini alivyomtania jana yake, wamekuwa wagane wawili wa nyumba moja.

"Hutamshika kwa mkono?" akauliza.

"Simshiki."

Manyoya alitundika tundu lake dogo mlango kwa mlango na lile refu, akatia uwele ndani, wakatoka wakakaa jikoni na chai na mkate. Hawakuzungumza sana. Walipopiga hodi tena dume alikuwa amehamia mwenyewe, anakula. Tundu likafunikwa kitambaa taratibu. Mwoka mikate aliwasindikiza hadi chini ya ngazi. Kutoka ndani ya kitambaa baiskeli ililia mara moja, na alisimama njiani mpaka kofia ile ikapotea kwenye kona.

Mchana binti yake alipiga simu kuuliza kama wamechukuliwa wote, na kama amtumie mtu wa kumsaidia kufunga mizigo.

"Amechukuliwa mmoja," alisema.

"Baba, sikusikii. Mbona unanong'ona? Nani amelala?"

Swali lilimtoka binti kabla hajalifikiri. Utoto wake wote aliambiwa katika chumba kile kile, kwa mnong'ono ule ule, nyamaza, baba amelala.

"Wenyewe," mwoka mikate akasema. "Mmoja anaatamia."

Kule kwa binti alisikika mtoto akivuta nguo na kudai kitu, naye akamwambia shsh. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka, ndogo, ya zamani.

"Basi utakuja lini, Baba?"

"Wakishatotoa, tuone."

"Na wakishatotoa watakuwa wadogo."

"Watakuwa wadogo, ndiyo."

Binti hakubishana naye. Walikaa kwenye simu muda kidogo hivyo, wakinong'onezana mambo yasiyo na uzito, hali ya hewa, kikohozi cha mtoto, kama watu wawili walio pande mbili za kitanda cha mtu mmoja.

"Mama yako alikuwa anacheka?" akamwuliza mwishoni.

"Mama?" Akasikia tabasamu. "Uani. Kwa Mama Chini. Hujawahi kumsikia?"

"Hapana," alisema. "Nilikuwa nimelala."

Asubuhi iliyofuata aliamka saa zake za tanurini, kama mwili ulivyozoea, akangoja kupambazuke. Chini kikombe chake kilikuwa kimekwisha kufunikwa kisahani, hilo alilijua bila kuliona. Lakini kwanza alivua viatu, akachukua uwele, akachukua maji ya kina cha kidole, akaenda akaegemeza paji la uso mahali palipofifia, na ikabidi ainame.

"Hodi," akanong'ona. "Hodi, wenyewe."

Watu husema hodi ni mara tatu, na usipojibiwa rudi ulikotoka. Yeye hakuwa na pa kurudi. Hapo ndipo kwake. Kwa hiyo alisimama, kibakuli mkononi, akangoja, mpaka nyuma ya mlango akasikia majani makavu ya kikapu yakisugua kidogo, jike akijigeuza juu ya mayai yake na kukaa tena.